Ndama dume wa ng'ombe wa maziwa: namna ninavyomfikisha kwa mchinjaji

Huku Machame ng'ombe akizaa dume, hakuna pongezi. Jike ni maziwa ya kesho. Dume huuzwa akiwa na siku chache, au huachiwa mabaki hadi akonde na kufa. Mimi huwalea zizini mpaka wawe nyama, na pesa yake hupatikana au hupotea katika wiki 10 za mwanzo.

1. Chagua
Chukua Friesian, Ayrshire au chotara wao. Jersey ana umbo dogo na mafuta yake ni ya njano, wachinjaji wengi hawayapendi. Ukinunua kwa jirani, uliza kwanza kama ndama alipata dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa. Kama hakupata, mwache hata ukipewa bure.

2. Siku ya kwanza
Chovya kitovu kwenye iodini. Ndani ya saa 6 tangu azaliwe awe amekunywa dang'a lita 2, na nyingine 2 kabla ya saa 12 kupita. Kinga yake yote inatoka humo, na utumbo hufunga mlango mapema.

3. Maziwa, kisha uyaachishe
Lita 2 asubuhi na 2 jioni, yenye joto la kiwele, kwa saa zilezile. Nyumbani kwangu maziwa ni ya mama watoto, kwa hiyo kila lita ina kesi. Mwaka wa kwanza niliona nitumie akili: nikayazimua kwa maji. Ndama akaharisha, manyoya yakasimama, tumbo likawa kama mtungi. Alipotimiza miezi 6 ungemdhania mbuzi.

Piga hesabu: lita 4 kwa siku 70 ni lita 280. Lita ikiwa shilingi 1,000, hiyo ni 280,000. Usipunguze kipimo, punguza siku. Tangu wiki ya kwanza mwekee maji safi na konzi ya chakula kikavu: mahindi ya kuparaza kilo 6, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 2, mashudu ya alizeti kilo 2, madini na chumvi kidogo. Nafaka ndiyo inayokuza tumbo la kucheua; majani matupu hulitanua tu. Urea usimpe kabisa umri huu. Akimaliza kilo 1 kwa siku, siku 3 mfululizo, katisha maziwa. Wangu wengi huacha wiki ya 8.

4. Chanjo na kuhasi
Muulize mtaalamu wa mifugo chanjo ya ndigana kali, homa inayoletwa na kupe; huchanjwa mara moja tu. Kupe na minyoo ni kazi ya kudumu.

Dume asiyehasiwa hukua haraka zaidi, sikatai. Lakini dume la Friesian likikomaa humgeukia hata anayelilisha, na banda langu liko hatua chache kutoka jikoni. Nahasi kwa burdizo, koleo linalobana mishipa ya korodani bila kukata ngozi, wakiwa na miezi 2 hadi 3.

5. Kukuza na kunenepesha
Majani ya tembo, mabua ya mahindi na mashudu kidogo vinatosha kwa kukuza. Miezi 3 ya mwisho ongeza pumba za mahindi, mashudu ya pamba na molasesi hadi kilo 4 kwa siku, ukipanda taratibu kwa wiki 2, la sivyo tumbo litachachuka. Maji na chumvi visikosekane: maksai, yaani dume aliyehasiwa, anayekula nafaka hupata mawe ya mkojo upesi. Mpime kifua kila mwezi kwa utepe wa kukadiria uzito. Akiongezeka gramu 700 hadi 900 kwa siku ni mwendo mzuri.

6. Kuuza
Mnada wa Weruweru wanunuzi hukadiria kwa macho, na maksai wa maziwa hana nundu, mifupa ya nyonga imechomoza. Watakupunja. Patana na mwenye bucha alipe kwa kilo baada ya kuchinja. Maksai wa kilo 340 hutoa takriban nusu yake. Kama ulimchoma sindano, subiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Desemba Wachaga wanarudi nyumbani na nyama haitoshi. Kwa hiyo mwisho wa Agosti natoa utepe: aliyefika kilo 270 anaanza kunenepeshwa, asiyefika anasubiri Pasaka.