Mkulima Hutenga Ngitili Akijua Nani Atakula Majani Yake

Afisa ugani anayefika kijijini na hotuba ndefu kuhusu mmomonyoko wa udongo husikilizwa kwa adabu, na akishaondoka mifugo hurudi kulishwa palepale. Si kwamba wenye ardhi hawaujui mmomonyoko, kwani wanauona kila mvua zinapoanza. Kinachowazuia ni swali jingine: nikilipumzisha eneo hili, ng'ombe wa nani watakula majani yake?

Mkoani Shinyanga, Tanzania, swali hilo lilipata jibu. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza na kuifungua katikati ya kiangazi, majani ya kwingine yanapokwisha. Ukataji wa misitu ili kuangamiza mbung'o, upanuzi wa mashamba ya pamba, na hatimaye kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vipya katika miaka ya 1970, viliidhoofisha desturi hiyo, kwa kuwa kaya nyingi ziliachana na maeneo ziliyokuwa zikiyatunza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ulianza mwaka 1986, wakati ngitili zilizorekodiwa hazikuzidi sana hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Kwa maoni yangu, siri haikuwa miche ya vitaluni, bali ni kwamba wenyeji waliombwa kufufua jambo walilolifahamu, lenye faida inayoonekana kiangazi kilekile: malisho, kuni, nguzo, nyasi za kuezekea na dawa za miti shamba. Walinzi nao walikuwa wao wenyewe, kupitia sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi vya wanakijiji, na mikutano yao ya jadi, na aliyeingiza mifugo kwa wizi alitozwa faini.

Kwa hiyo, anayetaka kuanza na atenge kwanza ekari moja au mbili karibu na nyumbani, mahali penye visiki vilivyo hai, kwa sababu visiki huchipua bila gharama. Mipaka ionyeshwe mbele ya majirani na mwenyekiti wa kitongoji, kisha utaratibu uingizwe katika sheria ndogo za kijiji. Wanawake waulizwe mapema, maana wao ndio wanaotembea mbali kutafuta kuni, na mara nyingi ndio wanaoona faida kabla ya wenye mifugo.

Jambo zito zaidi ni miliki. Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, humpa mtu ujasiri wa kungoja, na ni vema iandikwe majina ya mume na mke. Aliyeazimwa shamba kwa msimu mmoja hawezi kulaumiwa akilikamua; mwenye shamba anayetaka litunzwe na amwandikie makubaliano ya miaka kadhaa.

Wakati wa kufungua, waingizwe kwanza ndama, maksai na ng'ombe wanaokamuliwa, nao waondolewe kabla majani hayajaliwa hadi mizizini.