Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda Solukhumbu, wilaya ya Everest

Aliyewahi kufika Uhuru Peak huwa na kishawishi cha kudhani kwamba Solukhumbu, wilaya ya mashariki mwa Nepal iliko Everest, ni Kilimanjaro nyingine yenye theluji zaidi. Sivyo. Kilimanjaro unapanda hadi mita 5,895, unapiga picha, na kabla jua halijazama umeshateremka mbali. Solukhumbu unaishi huko juu. Watu wanalima viazi, wanafuga yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, na kufungua maduka kwenye mwinuko ambao kwetu ni kambi ya kupitia tu. Gorak Shep, kituo cha mwisho chenye loji kabla ya Base Camp, kambi iliyo chini ya Everest, kipo mita 5,164, wakati Kibo Hut iko 4,720. Kwa hiyo kabla hujanunua koti, hesabu siku.

Ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika moja. Ndiyo maana wengi hulala mara mbili Namche Bazaar, mita 3,440, na mara mbili tena Dingboche, mita 4,410. Kutoka Lukla, mji wenye uwanja wa ndege ambako wengi huanzia kutembea, kwenda Base Camp na kurudi kunakula kama siku 12, bila siku za akiba. Mwenye wiki moja asijidanganye. Aende Solu, upande wa kusini wa wilaya, apite kijiji cha Junbesi na kupanda Pikey, mita 4,065, ambako asubuhi isiyo na mawingu Everest huonekana vizuri. Base Camp kwenyewe kilele hukioni, kimezibwa na milima mingine. Wanaotaka kukiona hupanda kilima cha Kala Patthar kilicho jirani. Kukifikia kilele chenyewe, mita 8,848.86, ni habari nyingine kabisa, ya maandalizi ya miaka. Wilfred Moshi wa Tanzania alifika mwaka 2012, James Kagambi wa Kenya mwaka 2022.

Miezi mizuri ni Machi hadi Mei, na mwishoni mwa Septemba hadi Novemba. Juni hadi Septemba ni masika ya huko: matope, ruba kwenye njia za chini, na mawingu yanayofunga anga. Hapo ndipo uwanja wa ndege wa Lukla unapokuwa mtihani. Ulijengwa mwaka 1964 kwa juhudi za mpanda milima Edmund Hillary, na njia yake ya kurukia ni mita 527 tu, imeinama, upande mmoja bonde, upande wa pili ukuta wa mlima. Rubani lazima aone kwa macho, hivyo wingu moja huahirisha safari za siku nzima. Misimu ya watalii wengi, ndege nyingi huondokea Ramechhap badala ya Kathmandu, nako ni mwendo wa saa nne au tano kwa gari, unaoanza usiku wa manane. Mzigo kwa kawaida hauzidi kilo 15. Siku zako za akiba ziweke mwishoni, kati ya Lukla na ndege ya kurudi nyumbani. Asiyetaka ndege hizo anaweza kupanda gari la jeep hadi Phaplu au Salleri, makao makuu ya wilaya, kisha akatembea.

Kuhusu afya, muone daktari kabla hujasafiri, hasa kama una shinikizo la damu, kisukari au selimundu. Muulize kuhusu acetazolamide, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na mwambie kama una mzio wa dawa za salfa. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usipande zaidi. Ukianza kuyumba kama mlevi au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, shuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Khunde kuna hospitali tangu 1966, na Pheriche kuna zahanati ya misimu ya watalii, lakini dawa ya kwanza ni kushuka. Bima itaje kwa maandishi helikopta na mwinuko wa mita 6,000. Nyingi za kawaida huishia chini ya hapo.

Wenyeji wa Khumbu, sehemu ya juu ya wilaya, ni Washerpa, ambao wazee wao walivuka kutoka Tibet karne kadhaa zilizopita. Chini zaidi wako Warai, Watamang na Wamagar. Washerpa wengi hupewa jina la siku waliyozaliwa: Dawa ni wa Jumatatu, Pasang wa Ijumaa. Akina Juma na Khamis watajisikia nyumbani. Ni Wabudha, hivyo ukuta wa mawe yaliyochongwa sala unaupita ukiwa mkono wako wa kulia. Ukibahatika kufika monasteri ya Tengboche wakati wa tamasha la Mani Rimdu, kati ya Oktoba na Novemba, utaona watawa wakicheza ngoma wamevaa vinyago. Tarehe hufuata mwandamo wa mwezi, iulize mapema.

Khumbu hawachinji, kwa sababu za dini. Nyama hupandishwa mgongoni kutoka chini kwa siku kadhaa, na mimi nisingeila. Kwa Muislamu suala la halali linakuwa jepesi: kula wali na dengu, dal bhat, sahani ambayo huongezewa bila malipo.

Viza ya Nepal wasafiri wengi huipata uwanjani Kathmandu, dola 30 kwa siku 15 au 50 kwa siku 30, ila hakikisha nchi yako haimo kwenye orodha ya wanaotakiwa kuomba mapema. Beba pasipoti njiani, kwa sababu kuna ada ya halmashauri na ya Hifadhi ya Sagarmatha, hifadhi ya taifa iliyo na Everest. Beba pia rupia taslimu za kutosha. Mashine za benki zipo Lukla na Namche, ila hazitegemewi, na juu ya hapo kuchaji simu, kuoga maji ya moto na intaneti vyote vinalipiwa. Mfuko wa kulalia wa baridi kali unakodishwa Kathmandu, mtaa wa Thamel, usiubebe kutoka Dar. Fungu la bakshishi ya mpagazi litenge kabla hujaanza kupanda, na kabla hamjaondoka Lukla hakikisha naye ana bima, koti na viatu vya baridi.