Jinsi ya kushukuru kama familia mkiwa misheni mbali na nyumbani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Sisi kwetu ni Njombe, Tanzania, ila tuko Mombasa mwaka wa 6 sasa, mume wangu mchungaji, watoto watatu. Kila mara familia inayojiandaa kwenda misheni nje inaniuliza mnawezaje kukaa na shukrani huko na shida zote hizo, na mimi nilikuwa najibu ni neema tu. Ni neema kweli, lakini jibu hilo halimsaidii mama ambaye mwezi ujao atakuwa na mtoto mwenye malaria, tokeni za umeme zimeisha na sadaka kutoka kanisani kwao haijaingia. Kwa hiyo naandika vile tunavyofanya hasa nyumbani kwetu, chukua kinachokufaa.

Cha kwanza, msishukuru haraka. Najua mtu wa kanisani akisoma hapo atashtuka, lakini mimi nimeumiza mtoto wangu kwa shukrani za haraka. Kifungua mimba wetu alitoka darasa la nne shule ya serikali kule kwetu ambako masomo ni kwa Kiswahili, akafika huku hesabu Kiingereza, sayansi Kiingereza, mwalimu akiuliza kitu anakijua kabisa ila hana maneno ya kujibu, akawa wa mwisho yeye aliyezoea kuwa wa pili wa tatu. Akirudi analia mimi namwambia shukuru Mungu una shule, wangapi hawana. Basi akaacha kulia, nikafikiri amezoea. Siku moja nafua begi lake nikakuta karatasi za mitihani zimekunjwa zikakunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama vidonge, zimesukumwa kwenye kona ya chini kabisa, zipo kama saba. Nilikaa pale kwenye beseni nikalia mimi sasa.

Toka siku hiyo kwetu lalamiko linatangulia. Jioni kabla ya maombi kila mtu anasema kitu kimoja kilichomuuma leo, baba naye anasema, na hakuna ruhusa ya kumjibu wala kumwambia "lakini". Akimaliza wote tunasema "Bwana amesikia", basi, tunaenda kwa mwingine. Zaburi zimejaa watu wanaomuuliza Mungu hata lini, na Mungu hakuwafukuza, sasa sisi tunawafukuzia nini watoto wetu? Shukrani inakuja baada ya hapo, na utashangaa inakuja yenyewe, kwa sababu mtu ameshatua mzigo.

Na ikija iwe na jina. Ile ya asante kwa ulinzi, asante kwa uzima, asante kwa siku ya leo, tunaweza kuisema tumelala, na watoto ndo kabisa wanaiimba kama meza ya kuzidisha. Sisi tukaweka sheria, kitu kimoja tu, lakini kiwe cha leo na kiwe na mtu au mahali. Huyo huyo wa begi siku moja akasema asante Mungu kwa mwalimu aliyenieleza kugawanya kwa Kiswahili kwa sauti ndogo ili wenzangu wasisikie. Mimi sikujua kama kuna mwalimu kama huyo! Kesho yake nikapita shuleni kumshukuru, akaona aibu kidogo, akaniambia hata yeye alisomea kijijini. Tunaandika kwenye daftari moja la kawaida, tarehe na mstari mmoja, anayejisikia anaandika, wa mwisho akiwa hajui kuandika alikuwa anachora.

Sasa maji, maana ukiniuliza Mombasa imenifundisha shukrani kwa njia gani nitakwambia maji. Maji ya mji huu yanatoka mbali, mengine Mzima kule Tsavo, mengine Baricho kwenye mto Sabaki, kwa hiyo ikitokea shida kwenye bomba huko nje sisi huku Kisauni tunakaa siku nyingi tunanunua mitungi ya lita 20 kwa kijana wa mkokoteni. Kisima kipo kwenye ploti lakini ni maji ya chumvi, unafulia sabuni haitoi povu, ukipika chai inakuwa na ladha ya dawa. Mimi nimekulia mlimani maji yanashuka yenyewe, baridi mpaka meno yanauma, kwa hiyo mwaka wa kwanza nilikuwa na uchungu na jambo hili kuliko hata upweke.

Maji matamu yakija yanakuja usiku. Unaacha bomba wazi na chini yake unafunika sufuria, ili yakianza yagonge uamke. Usiku mmoja tumechoka hatukusikia, bibi jirani akagonga ukuta na mwiko, "Mama mchungaji, amka mwanangu, maji yaja!" Saa nane usiku. Tukaamka wote, watoto na nguo za kulalia, bomba likakohoa hewa, likatoa mekundu kama chai ya rangi, halafu yakaanza kusafika. Huyo bibi ana magoti mabovu, hawezi kubeba, lakini ametuamsha sisi kwanza kabla hajajua nani atambebea yake. Ndo tukaanzisha desturi mbili ambazo mpaka leo hatujaziacha. Ndoo mbili za kwanza ni za bibi, kijana wetu mkubwa anazipeleka kabla hatujajaza hata jagi letu. Ya pili, tukimaliza kujaza mapipa tunachemsha chai usiku huo huo, hata kama kesho kuna shule, tunakaa sakafuni sebuleni tunakunywa chai ya maji matamu. Hapo hakuna maombi marefu, mtu anapuliza anakunywa anasema asante Yesu. Nyinyi mtapata ya kwenu, labda sio maji, labda ni barua ya kibali cha kukaa au gari kuwaka, lakini kitu ambacho mmekisubiri mkiumia kikifika kisipite hivi hivi, kikalieni hata dakika kumi.

Halafu jamani mshukuruni na watu, sio Mungu tu. Sisi watu wa huduma tuna tabia ya kumshukuru Mungu kwa sauti kubwa mbele ya mtu aliyetusaidia, yeye mwenyewe hatumwambii kitu. Ramadhani ya kwanza bibi alituletea futari, kaimati, mbaazi za nazi na viazi, kwenye sahani ya udongo yenye maua ya bluu. Nikaosha vizuri nikairudisha. Mama mmoja wa kanisani mzaliwa wa hapa akaniambia taratibu, mama, sahani ya watu hairudi tupu. Nilijisikia vibaya sana! Ilipokuja tena nikairudisha na maparachichi aliyoleta mdogo wangu kutoka nyumbani, na tangu hapo hiyo sahani inatembea tu, sijui sasa ni ya nani. Ushauri wa vitendo hapo: kama majirani zako ni Waislamu pelekeni matunda, unga, sukari, msipeleke nyama kama hamna uhakika wa mchinjaji, na mkiwa na mashaka ulizeni, hakuna anayekasirika kwa kuulizwa. Na tafadhali msimshukuru mtu ili mumpate. Ukimpa mtu parachichi na trakti, kile kijikaratasi cha injili, chini yake, hiyo imeshakuwa chambo na yeye anaona. Akiuliza habari za imani yako mwambie yote, asipouliza sahani bado irudi na kitu.

Pesa nitapita haraka. Shilingi 50,000 ya nyumbani ikifika huku inabaki 2,000 na kitu ya Kenya, na aliyeitoa ameuza mahindi. Ukijua hivyo huwezi kumtumia "Mungu akubariki" peke yake. Mtumie sauti kwenye WhatsApp, mwambie imenunua nini, dawa, nauli ya matatu, na kama mwezi ni mgumu mwambie ni mgumu, wanaotutuma sio watoto.

La mwisho ni zito. Mama yangu alifariki tukiwa huku, na ukipanda basi hapa mpaka Lunga Lunga, uvuke Horohoro, Tanga, Dar, Iringa, mpaka ufike Njombe, wenzako wameshazika. Sikufika. Wapendwa wakanitumia ujumbe, shukuru kwa yote, wakimaanisha mema, na mimi sikuweza. Wiki kadhaa baadaye mume wangu akanipeleka Nyali kwenye kaburi la mke wa Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa zamani. Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo mke wake Rosine akafa na kichanga chao cha kike, akawazika upande huu wa bara. Mmisionari mwenzake, Rebmann, amekuja kuungana naye 1846, ndo wakaenda kuanza kituo cha misheni cha Rabai. Nilisimama pale nikahesabu, kati ya hapo ni miaka miwili. Hakuna aliyenihubiria siku hiyo, mume wangu alinunua madafu tukanywa tukarudi.

Kwa hiyo kwenye msiba msidaiane shukrani, wala mke kwa mume, wala mzazi kwa mtoto. Sisi tulichofanya, kwenye daftari tukaandika tarehe ya mama juu ya ukurasa na kuuacha mtupu, tukaendelea na mambo ya kawaida kwenye ukurasa unaofuata. Watoto walikuwa wanaupita bila kuuliza. Ulikaa hivyo miezi nane, mpaka usiku mmoja maji yamekuja, nimekaa na kikombe changu, nikamwomba mwanangu kalamu. Nikaandika kwamba asubuhi za Julai, baridi ile ya Njombe, mama alikuwa anaamka kabla yetu anatuchemshia maji ya kuoga, na ya kwangu alikuwa anayaweka karibu na mafiga yasipoe.