Kabla ya kumfunza mbwa wa boma, kubalianeni maneno

Mzee mmoja wa upande wa Ol Kalou aliniita nimwangalie mbwa wake, akisema ana hakika ni kiziwi. Alikuwa jike la miezi minane, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu wa kawaida, masikio wima. Nilichakarisha karatasi ya mkate nyuma ya ghala, akawa ameshafika kabla sijageuka. Uziwi haukuwepo.

Basi tukaketi uani, nikawa nasikiliza jinsi watu wa boma wanavyomsemesha. Mzee humwita "Njoo". Nyanya, kwa Kikuyu, humwita "Ũka". Watoto wakitoka shule ni "Kam! Kam hia!" Kijana anayekamua hupiga mbinja tu. Na akiingia jikoni, wote humfukuza kwa neno moja: "Toka!" Sasa sikiliza kwa sikio la mbwa. "Ũka" ya Kikuyu hutamkwa karibu na "oka", na "toka" ni hiyo hiyo "oka" iliyotanguliwa na t. Nyanya akimwita ampe ukoko wa ugali, mbwa anarudi nyuma, kwa sababu sauti inayofanana na hiyo asubuhi ilikuja pamoja na ufagio.

Kesi za namna hii ndizo nyingi ninazoletewa. Mtu anasema mbwa ni mkaidi au mbwa hana akili, na mara chache sana huwa kweli. Mbwa hajui maana ya neno. Anachoshika ni umbo la sauti na kile kinachofuata baada yake. Sauti ikiwa ile ile na matokeo yale yale, anajifunza upesi. Huko Marekani, katika jimbo la South Carolina, mbwa wa kuchunga kondoo aliyeitwa Chaser alifundishwa kwa miaka mitatu akajua majina ya vitu vya kuchezea 1,022. Lakini angalia: kila kitu kilikuwa na jina moja, na jina hilo halikubadilika. Mbwa wako anahitaji maneno sita tu, ila kila moja analipata kwa sura nne.

Kiswahili chenyewe kina mitego yake hapa. Vitenzi vyetu vingi vya kuamuru huishia na a: kaa, lala, acha, ngoja, toka, simama. Mkiita kutoka mbali, upepo ukivuma, konsonanti hupotea na kinachofika ni "aa-aa". Kwa hiyo msichague maneno mawili yanayokaribiana. Mtego mkubwa kuliko yote ni "kaa". Baba akisema "kaa" anataka mbwa aweke makalio chini. Mama akisema "kaa hapo" anataka asitoke mlangoni, hata akisimama. Ni kazi mbili kwa neno moja, na mbwa anapigwa kwa kutojua ni ipi. Mimi huwashauri watu waliache kabisa hilo neno: "keti" iwe ya kukalia makalio, "baki" iwe ya kutoondoka mahali.

Angalieni pia viambishi. Leo "acha", kesho "iache", keshokutwa "achana nayo", na mtoto aliyelelewa Mombasa anasema "wacha". Kwetu ni neno moja. Kwa mbwa ni manne. Amri za kukataza kwa "usi" ndizo mbaya zaidi: "usiruke", "usile", "usibweke" zote zinaanza sawa na hazimwambii afanye nini. Badala ya "usiruke", mwambie "keti". Mbwa aliyeketi hawezi kukurukia.

Jina nalo ni sehemu ya amri. Mbwa wangu wa kwanza nilimwita Simba, kama nusu ya mbwa wa nchi hii, kisha nikamfunza "simama". Kila nikifungua kinywa kusema "Sim...", alikuwa hajui kama anaitwa au anasimamishwa, akawa anageuka na kusita katikati ya barabara. Ilinichukua muda mrefu, na aibu kidogo, kugundua kwamba kosa lilikuwa langu.

Orodha ninayoipendekeza kwa boma la kawaida ni hii: "njoo" ya kuja, "keti", "lala" ya kulala chini, "baki", "acha" ya kuachia kitu au kutogusa mayai na vifaranga, na neno moja la kumfungulia, yaani kumwambia kazi imekwisha. Hilo la mwisho watu hulisahau, halafu wanalalamika kwamba mbwa haendelei kubaki. Ataendeleaje, kama hakuna aliyemwonyesha mwisho wake? Msitumie "sawa" wala "haya", kwa kuwa mnayasema siku nzima mkizungumza na mbwa ataondoka mkiwa mnapatana bei ya maziwa. "Huru" linafaa, ni nadra mtu kulisema uani. Kama mnataka pia aokote na kuleta kitu, msitumie "lete" pamoja na "keti". Yatamkeni yote mawili kwa sauti ya juu mtaelewa kwa nini.

Lugha si hoja. Kama nyumba nzima huongea Kikuyu au Kikalenjin, amri ziwe za lugha hiyo. Muhimu ni wote, pamoja na mgeni wa wiki na kijana wa ng'ombe, watumie orodha moja. Iandikeni kwa chaki kwenye mlango wa stoo, mahali ambapo kila mtu hupita akienda kuchukua dairy meal. Kijana mpya akiajiriwa, asomeshwe mlango huo siku ya kwanza kama anavyoonyeshwa ng'ombe mwenye teke.

Jinsi ya kutamka: jina kwanza, pumzi, kisha amri mara moja. Ukisema "keti, keti, keti, KETI!" umemfunza kwamba amri ni ile ya nne. Kwanza mfanye aketi bila neno, ukipandisha kipande cha chakula juu ya pua yake. Akishaketi hivyo bila kusita, ndipo utangulize neno. Papo hapo makalio yanapogusa ardhi, sema "vema" na umpe. Ukichelewa hata sekunde chache, unamzawadia kwa kusimama tena. Pale Morogoro, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa njia iyo hiyo: mlio mmoja mfupi usiobadilika, kisha ndizi. Kama panya anaweza, usinambie mbwa wako hawezi.

Dakika tano asubuhi na tano jioni zinatosha, na kazi inaweza kuanza mbwa akiwa na wiki nane. Zawadi iwe ndogo kama punje ya mahindi. Ini ni zuri, lakini lichemshwe hadi liive kabisa. Ini au mapafu mabichi ya kondoo yenye malengelenge humpa mbwa tegu ambaye mayai yake, yakimfikia mtu, huota uvimbe tumboni au kifuani. Akifika miezi mitatu apate chanjo ya kichaa cha mbwa, na irudiwe kila mwaka, hasa kwa kuwa watoto ndio watakaokuwa wakimlisha kwa mkono.

Kwenye malisho mapana, sauti ya mtu huchoka na hubeba hasira. Wachungaji wa Uskoti na Uingereza hutumia filimbi, na kila upande wa kuzunguka kundi una mlio wake. Ukitaka kufuata njia hiyo, kanuni ni ile ile: mbinja ndefu inayoshuka kwa kusimama, fupi za haraka kwa kuja, na kijana wa ng'ombe apige kama unavyopiga wewe.

Neno moja silifundishi: "shika". Watoto hulipenda kwa mchezo, na siku moja litatamkwa mtu wa posta akiwa langoni.

Na kama neno limeshaharibika, kama "njoo" iliyotumika mara nyingi kumwita mbwa apigwe au afungwe mnyororo, usihangaike kulisafisha. Chukua neno jipya, tuseme "hapa", lifundishe tangu mwanzo ukiwa na ini mkononi, na kwa wiki tatu usimwite kwa hilo ila una kitu cha kumpa. Ukitaka kumfunga, mfuate alipo.