Simu ya Kwanza ya Kijana: Iandaeni Pamoja Likizo Ikianza

Shule nyingi za bweni Uganda haziruhusu simu, kwa hiyo likizo ndiyo nafasi ya kumfundisha kijana kuitumia. Mzazi, keti naye muiandae pamoja. Ukimwekea vizuizi bila kumweleza, atavitoa usiku huohuo.

Kama simu imeshatumika, muuzaji aondoe akaunti yake ya Google, aifute yote mbele yako, kisha aiwashe upya. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani, usitoe pesa, hutaweza kuifungua. Piga *#06# ulinganishe namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na iliyo kwenye boksi.

Penye kuhitaji umakini zaidi ni tarehe ya kuzaliwa. Vijana hujiongezea miaka ili wasizuiwe, na hapo ndipo wanapopoteza ulinzi. TikTok hupokea watu kuanzia miaka 13. Akaunti ya aliye chini ya 16 huwa ya faragha tangu mwanzo, na hawezi kutumiana ujumbe binafsi na mtu. Walio chini ya 18 huwekewa kikomo cha dakika 60 kwa siku na hawaruhusiwi kurusha laivu. Binti wa miaka 14 aliyejiandika 19 hapati hata kimoja kati ya hivyo. Chalenji mpya ikitoka, acha acheze na wenzake, ndio ujana. Ila asirekodi akiwa na sare au nembo ya shule, wala mbele ya kibao chenye jina la mtaa.

Bando likiisha haraka, fungua WhatsApp, ingia Mipangilio, halafu Hifadhi na data, uondoe tiki zote za upakuaji kwa data ya simu. Picha za magrupu zitashuka akizigusa tu. Kwenye Akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Zile tarakimu 6 za kusajili WhatsApp zinazokuja kwa SMS asimpe yeyote, hata rafiki anayedai amezituma kwake kimakosa: mara nyingi akaunti ya rafiki huyo imeshaibwa.

Tangu Facebook ifungwe nchini Januari 2021, vijana wamezoea VPN za bure, yaani programu za kukwepa kizuizi hicho. Mwenye VPN hupitisha mawasiliano yote kwenye seva zake, na asiyelipwa na mtumiaji hutafuta faida kwingine. VPN asiyomjua mwenye nayo aifute.

Laini yako yenye pesa usiiweke kwenye simu hii.