Somo: Kufanya rangi zifuate mstari uliopinda kwenye Inkscape

Wakuu, swali hili linanijia karibu kila wiki, tena kwa maneno yaleyale: "Nimepaka gradienti kwenye mkunjo, mbona rangi zinakata moja kwa moja badala ya kufuata kona?" Gradienti ni rangi inayobadilika taratibu kuwa nyingine. Leo naliandika mara moja.

Programu haijakosea. Inkscape huhifadhi kazi kwa SVG (aina ya faili ya michoro), na gradienti za SVG ni mbili tu: ya kunyooka na ya duara. Ya kufuata njia haipo. Kwa hiyo tunapanga vipande vingi vyembamba, kila kimoja na rangi yake, halafu tunavipinda vyote kwa pamoja.

1. Chora mstatili wa upana px 3 (yaani pikseli 3) na urefu px 20. Ujaze rangi ya kwanza, ukingo uondoe.
2. Ctrl+D, sogeza nakala kulia px 200, ipe rangi ya pili.
3. Chagua yote miwili, Shift+Ctrl+C, iwe njia.
4. "Extensions", "Generate from Path", "Interpolate". Weka "Interpolation steps" 99, "Exponent" 0, na tiki kwenye "Interpolate style". Bila tiki hiyo rangi hazibadiliki.

Hapo kwenye px 3 tulieni kidogo. Kwa hesabu, kila kipande kinaanza px 2 baada ya kilichotangulia, kwa hiyo upana wa px 2 ungetosha. Ndivyo nilivyofanya kwenye nembo ya mteja. Nilipokuza picha niliona nyuzi nyeupe kati ya vipande, nikadhani ni skrini tu. Nikatoa PNG, nyuzi zikabaki, kazi ikarudishwa na nikairudia usiku mzima. Sababu ni hii: programu ikilainisha kingo mbili zinazogusana, kila kingo hufunika sehemu tu ya pikseli, na rangi ya nyuma hupenya. Kila kipande lazima kilalie jirani yake. Na ukiubana ukanda kwenye mkunjo mfupi sana, ile px 1 ya ziada nayo inabanwa, basi anza na px 4. Msitoe faili kabla ya kukuza na kuangalia juu ya usuli mweusi na mweupe.

5. Chagua vipande vyote, pamoja na vile viwili vya mwanzo, Ctrl+G, viwe kundi moja.
6. Chora mkunjo wako kwa kalamu ya Inkscape (bonyeza herufi B kuifungua).
7. Chagua kundi, bonyeza Home lipande juu kabisa. Kilicho juu ndicho kinachopindwa.
8. Chagua kundi na mkunjo, kwenye menyu ileile ya hatua ya 4 fungua "Pattern along Path", chagua "Single, stretched", tekeleza.

Ukanda wa urefu px 20 unahitaji kona yenye nusu kipenyo zaidi ya px 10. Kona kali kuliko hapo, upande wa ndani unajikunja na kuchafuka.

Swali: Mkuu kwangu haifanyi kazi.
Jibu: Umekwama hatua gani, na unaona nini?

Swali: Zote. Rangi ni moja tu mwanzo mwisho.
Jibu: Tiki ya hatua ya 4. Imeandikwa.

Swali: Si ungetumia gradienti ya mesh (ya wavu wa rangi) tu? Unatuzungusha.
Jibu: Mesh naifahamu, ipo tangu toleo 0.92 la 2017, na kwa kivuli cha uso au tunda ni nzuri sana. Ila vivinjari haviichori. Vipande hivi vinafunguka popote.

Swali: Na sisi wa Illustrator, programu ya Adobe?
Jibu: Tangu CS6 ya 2012 paneli ya gradienti ina kitufe cha kupitisha rangi kwenye urefu wa mstari. Somo hili hamlihitaji.

Swali: Shikamoo mwalimu. Imekubali vizuri, ila natoka njano kwenda bluu na katikati pamekuwa kijivu. Ni kawaida?
Jibu: Marahaba. Umeona vyema. Njano ni 255, 255, 0 na bluu ni 0, 0, 255. Wastani wake ni takriban 128 kote, na hicho ni kijivu kamili. Weka kipande cha tatu cha kijani katikati, kwenye px 100, kisha fanya hatua ya 4 mara mbili, "Interpolation steps" ikiwa 49: njano hadi kijani, kijani hadi bluu.

Swali: Asante sana. Na nikitaka mwisho ufifie hadi uwazi? Nimeongeza uwazi wa kila kipande, ikatokea mistari mistari.
Jibu: Mistari hiyo ni pale vipande vinapolaliana. Acha rangi zibaki nzito. Tengeneza ukanda wa pili kutoka nyeupe hadi nyeusi, uupinde kwenye mkunjo uleule, uweke juu, kisha "Object", "Mask", "Set". Nyeupe huonyesha, nyeusi huficha. Na siku ukifanya duara kamili, rangi ya kipande cha mwisho iwe sawa na ya kwanza, vinginevyo mshono utaonekana pale njia inapoanzia. Weka kazi yako hapa tuione.