Kahawa ya Kivu na mnunuzi wa moja kwa moja: kazi huanzia kwenye mbuni

Kwa miaka mingi mkulima wa kahawa wa ufuo wa magharibi wa Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, alikuwa na soko moja tu lililobaki wazi. Alikausha kahawa yake nyumbani, akaipakia usiku kwenye mtumbwi na kuivusha kimagendo hadi Rwanda, ambako aliiuza kwa bei yoyote aliyotajiwa. Wengi walizama, na wajane wao ndio wanaotunza mashamba hayo hadi leo. Vita vilivyoanza mwaka 1996 na kurudi tena mwaka 1998 viliikuta sekta imekwisha kudhoofika, kwa kuwa mgawo wa kimataifa wa mauzo ya kahawa ulikuwa umevunjika mwaka 1989 na bei ikaporomoka.

Ushirika wa SOPACDI wa eneo la Minova, uliokusanya maelfu ya wakulima na kujenga kituo cha kuoshea kahawa, ulionyesha kwamba kahawa ileile ya aina ya bourbon iliyokuwa ikivushwa kwa magendo inaweza kuuzwa kwa wakaangaji wa Ulaya na Marekani kwa jina la mahali ilipolimwa. Ni vema mkulima aelewe kwamba biashara ya moja kwa moja haina muhuri rasmi kama ule wa kahawa yenye cheti. Ni makubaliano kati ya ushirika na mkaangaji, na yanadumu kadiri mkaangaji anavyopata mwaka huu kahawa ile aliyoionja mwaka jana. Kwa sababu hiyo ushauri huu unaanzia shambani, wala si kwenye mkataba.

Shamba lililoachwa wakati wa kukimbia vita huwa na mibuni mirefu, yenye matawi makavu na mazao machache. Mibuni hiyo haihitaji kung'olewa yote. Ikate kwa mshazari, sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, uso wa mkato ukielekea mashariki ili jua la asubuhi liukaushe, kisha uchague machipukizi mawili au matatu yenye nguvu na uondoe mengine. Kata theluthi moja ya shamba kila mwaka, kwa kuwa mbuni uliokatwa huchukua takribani miaka miwili kurudi kuzaa, na familia iliyotoka kambini haiwezi kungoja miaka miwili bila mapato yoyote.

Jambo linaloivunjia kahawa ya Kivu heshima kuliko jingine lolote ni ladha ya kiazi, na hapa naomba msomaji avumilie nikiieleza kwa kirefu. Punje moja yenye kasoro hiyo, ikisagwa pamoja na nyingine, hufanya kikombe kizima kinuke kama kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Haionekani kwa macho katika kahawa ghafi, na mara nyingi hugundulika pale tu mkaangaji anaposaga. Kasoro hii inajulikana Rwanda, Burundi na Kivu, na inahusishwa na kunguni wa kahawa aitwaye antestia, ambaye hutoboa tunda changa na kufungua njia ya bakteria kuingia. Kunguni huyo hupenda mbuni wenye kivuli kizito na matawi yaliyosongamana. Kupogoa, basi, ndiyo dawa ya kwanza. Kagua mibuni mapema asubuhi, kunguni wakiwa bado wazito kwa baridi, na uwaokote kwa mkono. Wakizidi, dawa itokanayo na pareto, zao ambalo nyanda za juu za Kivu ya Kaskazini zimelilima kwa miongo mingi, huwaua vizuri.

Ulinzi wa pili uko kituoni. Matunda yamwagwe kwenye beseni la maji, na yanayoelea yaondolewe, kwa kuwa mengi huwa yametobolewa na wadudu au ni matupu. Baada ya kumenywa, wakati kahawa bado mbichi mezani, wachambuaji waondoe kila punje yenye kovu au doa. Kazi hii hufanywa zaidi na akina mama, na ushirika unaowalipa ujira mdogo kwa uchambuzi unajiumiza wenyewe, maana ndio wanaolinda bei ya wanachama wote.

Uchumaji uwe wa tunda jekundu tupu, hata kama ni lazima kurudi kwenye mbuni uleule mara nne au tano kwa msimu. Matunda yafike kituoni na kumenywa siku ileile, ndani ya saa nane tangu kuchumwa, kwani yakilala ndani ya gunia huanza kuchacha. Yavundikwe kwa saa 12 hadi 24 kulingana na baridi ya mahali, hadi utelezi utoke na punje zikwaruze mkononi kama changarawe. Kisha yaoshwe na kuanikwa juu ya meza za wavu, yakigeuzwa mara kwa mara na kufunikwa jua likiwa kali, hadi unyevu ufikie asilimia 11 au 12.

Kuhusu fedha, mkulima aulize kwanza bei iliyotajwa ni ya kahawa ya hali gani. Takribani kilo 6 za matunda hutoa kilo 1 ya kahawa ghafi, kwa hiyo dola zilizoandikwa kwenye mkataba wa nje haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na faranga anazopewa kwenye mizani. Ushirika ubandike ukutani bei ya mauzo, gharama za kituo, usafiri na kodi, kisha kiasi kilichobaki kwa malipo ya pili, yaani nyongeza anayopewa mkulima baada ya kahawa kuuzwa. Kila anayeleta matunda apewe stakabadhi yenye tarehe, kilo na jina lake mwenyewe. Mjane aandikwe kwa jina lake, si la shemeji. Katika vijiji ambako majirani waliwahi kukimbiana, mizani inayosomwa hadharani huondoa shaka nyingi. Ushirika pia uombe sehemu ya fedha kabla ya msimu, au utumie mkataba kama dhamana ya mkopo, kwa sababu mkulima asiyelipwa papo hapo ataurudia mtumbwi.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 mapigano yalifika Goma na Bukavu, na hali kama hiyo inaweza kuifunga barabara katikati ya msimu. Ikitokea hivyo, msikoboe kahawa kwa haraka. Iliyokauka sawasawa na kubaki ndani ya ngozi yake hudumu miezi kadhaa ikiwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu penye hewa. Mjulisheni mnunuzi mapema kiasi kilichopo na unyevu wake, na mhifadhi sampuli ya kila fungu katika chombo kilichofungwa, ikiwa na tarehe, ili barabara itakapofunguliwa aweze kulinganisha anachopokea na kile mlichomwahidi.